Kashata za Noeli: pishi lisilohitaji tanuri, lililovuka mpaka pamoja nasi

Desemba ikiingia, anayevuka mpaka kutoka Manyovu kuja Mugina hahitaji kalenda. Magunia ya karanga huongezeka juu ya baiskeli na pikipiki, nguo za watoto hutundikwa hadi barazani, na akina mama wanaorudi kutoka soko la Mnanila huwa na kifurushi kimoja kidogo walichokifunga vizuri kuliko vingine. Ukimwuliza mmoja wao kuna nini humo, atakwambia ni sukari. Ukimwuliza ni ya nini, wakati nyumbani kwake chai hunywewa Jumapili kwa Jumapili, atacheka na kusema ni ya sikukuu.

Katika nyumba nyingi za sisi tuliorudi kutoka Tanzania, sukari hiyo ni ya kashata. Wengine huziita kashata za Krismasi, kama tulivyosema kule, na wengine za Noeli, kama wanavyosema wenyeji hapa Burundi. Watoto wetu huzisubiri hadi Bonane, na wanajua kuhesabu vipande vilivyobaki kuliko wanavyojua hesabu ninazowafundisha darasani.

Sisemi kwamba kashata ni kitu kigeni hapa nchini. Waswahili wa Buyenzi na wa Rumonge wanazijua vyema, na pwani ya Tanzania na Kenya huliwa kwa kahawa chungu mwaka mzima. Lakini huku kwenye milima ya kusini, mbali kidogo na barabara ya ziwani, mtu anayepika karanga na sukari siku ya mkesha wa Noeli watu humjua mara moja. Ni wale waliorudi, abahungutse. Kwa miaka kadhaa jina jingine la kashata kijijini kwetu lilikuwa "vitu vya Watanzania", na aliyelisema hakuwa akisifu.

Nataka kuandika jinsi zinavyopikwa, kwa sababu mama yangu sasa amepita miaka 70, macho yake yamefifia, na pishi hili halijapata kuandikwa popote. Sisi watoto wake tuko watatu, katika nchi tatu, na kila mmoja anashikilia kwamba kashata za mama ni zile anazopika yeye.

Kwanza nieleze zilivyotufikia. Mama alikimbia mwaka 1972 akiwa msichana wa miaka 19, ameolewa mwaka huo huo. Yeye na baba walivuka hadi Kigoma, na kabla ya wakimbizi kupelekwa kwenye makazi ya mbali walikaa miezi kadhaa Ujiji kwa mama mmoja wa Kiislamu aliyewapa chumba cha uani. Mama huyo alikuwa akipika kashata za kuuza, na Idd ilipokaribia alipika usiku na mchana. Mama yangu hakuwa na kazi wala hakijui Kiswahili. Alikaa jikoni akipepeta karanga na kutazama. Kwa hiyo pishi letu la ukoo, tunalolipikia Noeli, ni pishi la Idd kutoka Ujiji. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kuonja kashata maisha yake yote.

Baadaye walipelekwa Katumba, wilaya ya Mpanda, ambako nilizaliwa mwaka 1981. Wanaokumbuka Katumba, Mishamo na Ulyankulu watakumbuka pia kwamba hakuna aliyekuwa na tanuri. Keki inataka tanuri, mkate unataka tanuri, na biskuti ni hivyo hivyo. Kashata inataka mafiga matatu, sufuria, mwiko, ubao na chupa ya soda. Ndiyo maana ilienea. Mtu aliyeanza maisha kwa panga, jembe na blanketi aliweza kuwapa wanawe kitu kitamu cha sikukuu bila kumwomba mtu chochote.

Sasa tuje jikoni. Chukua vikombe vitatu vya karanga, zile nyekundu ndogo ikiwezekana, kwa kuwa zina mafuta na ladha yake ni nzito. Sukari ni vikombe viwili na maji ni nusu kikombe. Asali ni kijiko kimoja kikubwa. Iliki ni punje nane au kumi, zitwangwe pamoja na chumvi kidogo sana, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Kikombe chetu ni kile cha bati chenye maua, lakini hata cha plastiki kitafaa, mradi kiwe hicho hicho kwa vitu vyote.

Kuchagua karanga ndiyo kazi isiyoruka mtu. Zimwage kwenye ungo, uzitazame moja moja mchana, si usiku kwa koroboi. Iliyokunjamana itoe. Iliyobadilika rangi itoe, na yenye ukungu wa kijani au wa njano itoe uitupe mbali, usimpe hata kuku. Mama alifanya hivyo kwa sababu karanga moja mbovu huharibu ladha ya sufuria nzima. Siku hizi tunajua jambo kubwa zaidi, nalo ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na fangasi kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara huko Tanzania kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani, mnaponunua gunia msitazame juu tu. Ingiza mkono hadi kiwiko, utoe karanga za katikati, uzivunje na kuzinusa. Muuzaji akikasirika, nenda kwa mwingine.

Karanga zilizochaguliwa hukaangwa kwa mchanga. Mchanga mkavu, safi, uliochekechwa, upashe kwenye kikaango hadi uwe wa moto, halafu mwaga karanga na ugeuze bila kuacha. Mchanga huzunguka kila karanga ikaiva pande zote. Bila mchanga upande unaogusa chuma huungua kabla ule mwingine haujaiva. Ganda likianza kupasuka na harufu ikatoka hadi nje, chekecha mchanga, acha karanga zipoe kidogo, sugua kwa viganja, kisha pepeta. Kazi ya kupepeta ilikuwa yangu. Nyumbani hapakuwa na msichana mkubwa, na mama hakuamini kwamba mvulana hawezi kushika ungo. Baadhi ya marafiki zangu walinicheka hadi siku walipoonja.

Baada ya hapo, nusu ya karanga zivunjwevunjwe kwenye kinu, pigo mbili au tatu tu, na nusu ziachwe nzima. Zirudishe karibu na moto zisipoe. Karanga baridi zikiingia kwenye sukari ya moto, sukari hushtuka na kuganda kabla hujaimwaga.

Sasa sukari. Weka sukari na maji kwenye sufuria nzito, koroga juu ya moto mdogo hadi chembe zote ziyeyuke. Zikishayeyuka, tia asali, ongeza moto, na kuanzia hapo usikoroge tena. Wengi hushindwa hapa kwa sababu mkono hauwezi kutulia. Sukari ikikorogwa inapochemka, chembe chache zilizoshikamana na ukingo wa sufuria huanguka ndani, na zikianguka huzivuta nyingine zote. Ghafla sufuria nzima hugeuka mchanga mweupe. Tunasema sukari imerudi. Kuzuia hilo, mama hupangusa ukingo wa sufuria kwa kitambaa safi kilicholowa maji, mara moja au mbili. Na asali nayo ina kazi hiyo hiyo, kwa kuwa utamu wake si wa aina moja na sukari ya dukani. Ukichanganya kidogo tu, chembe za sukari hushindwa kushikana. Asiye na asali akamue ndimu nusu, itamsaidia pia.

Asali hiyo ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilipita katika uhaba mkubwa wa bidhaa, na mwaka 1983 ndipo serikali ilipoendesha ile vita maarufu dhidi ya wahujumu uchumi. Sukari ilipatikana kwa mgao, wakati mwingine kilo moja kwa nyumba, wakati mwingine hakuna. Lakini misitu ya miyombo kuzunguka Katumba ilijaa mizinga. Mama akaanza kuweka kikombe kimoja cha sukari na kimoja cha asali. Kashata zilitoka nyeusi kidogo, laini, zenye harufu ya moshi, na zilinata kwenye meno siku nzima. Sukari iliporudi madukani alipunguza asali hadi kijiko kimoja, ila hakuiacha. Kaka yangu mkubwa, aliyebaki Katumba, anasema mama aliharibu pishi alipopunguza. Yeye hadi leo anapika nusu kwa nusu. Ana mizinga yake, kwa hiyo hatuwezi kumtegemea kwa hukumu ya haki.

Sukari inapochemka hupitia hali kadhaa, na hapa ndipo ufundi ulipo. Mwanzo mapovu ni makubwa, mepesi, yanapanda na kupasuka haraka, na sauti yake ni kama ya maji. Kadiri maji yanavyotoka, mapovu hupungua, huwa madogo na mazito, na sauti hushuka. Rangi hutoka kwenye weupe ikaelekea rangi ya chai ya rangi iliyokolea kidogo. Usisubiri iwe kama kahawa, hapo itakuwa chungu. Dondosha tone moja katika kikombe cha maji baridi, lichukue kwa vidole. Likivutika kama ulimbo, bado. Likivunjika kwa sauti kama kijiti kikavu, epua mara moja.

Kuanzia hapo una dakika mbili, tatu ukibahatika. Mwaga karanga, iliki na chumvi, koroga kwa nguvu mara chache, mimina kwenye ubao uliopakwa mafuta, viringisha chupa iliyopakwa mafuta hadi unene uwe wa kidole cha mwisho, na kata papo hapo kwa kisu kirefu, kwanza mistari iliyonyooka kisha ya mshazari, upate vipande vya pembe nne. Ukichelewa zitavunjika ovyo, na mama huita vipande hivyo vya wapishi. Watoto wasikaribie wakati huo. Sukari ya moto haimwagiki kama maji, hung'ang'ania kwenye ngozi.

Kipimo hicho hutoa vipande kama 40. Mwaka 1993 kipande kimoja shuleni tulikiuza shilingi 10, na daftari zangu nyingi za darasa la tano zilinunuliwa na sinia hilo.

Desemba 2007 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wakimbizi wa 1972 walio kwenye yale makazi matatu wanaweza kuchagua kurudi au kuomba uraia. Zaidi ya watu 160,000 waliomba uraia na kukubaliwa, ingawa vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Zaidi ya 50,000 walichagua kurudi. Familia yetu iligawanyika kama nyingine nyingi. Kaka alibaki, ana mashamba na wajukuu kule. Mimi nilirudi na mama mwaka 2009, kwa kuwa baba alikufa akimsihi asimwache shambani kwao bila mtu. Mdogo wetu wa kike alikuwa ameolewa na kijana wa kambi za Kibondo, nao walichukuliwa na mpango wa kuwapeleka Marekani baadhi ya wakimbizi wa 1972 walioishi makambini.

Shamba la baba, vilima vya juu ya Nyanza-Lac, tulilikuta na wenyewe. Familia iliyokuwamo ilikuwa hapo zaidi ya miaka 30, imezika wazee wake hapo, imepanda michikichi ambayo sasa inazaa. Sikuwaona kuwa wezi, ingawa sikusema hivyo wakati ule. Wengi wanaosoma gazeti hili wanajua kesi hizo zilivyokuwa na zilivyoishia. Yetu iliishia kwa kugawana nusu kwa nusu, mpaka ukapita katikati ya michikichi, na nyumba mbili zikatazamana hatua 60 bila salamu.

Noeli ya kwanza mama alipika kashata. Sukari ilikuwa ghali, tulikuwa bado tunakula chakula cha msaada, nami nilimwambia tuache. Akapika. Alipomaliza alipanga vipande kumi na viwili kwenye sahani ya bati, akafunika kwa kitambaa, akaniambia nimsindikize kwa jirani.

Asiye wa huku huenda asielewe ilikuwa na maana gani. Burundi chakula cha mtu usiyemwamini hakiliwi hivi hivi. Anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ndipo akupe. Watu wenye kesi ya ardhi hawapeani hata maji. Na hapa alikuwa anakuja mama mzee aliyechukua nusu ya shamba, na sahani ya kitu cheusi kisichojulikana. Mzee wa nyumba ile alitoka, akasimama mlangoni, hakusema karibu. Mama hakusubiri kuulizwa. Alifunua kitambaa, akamwambia mzee achague kipande chochote. Mzee akaonyesha kwa kidole cha katikati kabisa. Mama akakichukua, akakivunja, akala nusu nzima polepole, na kutafuna kashata kwa mtu asiye na meno yote si kazi ya dakika moja. Tulisimama pale wote tukimngoja mama atafune. Wajukuu wa mzee walikuwa wameshaanza kucheka.

Sahani ilipokelewa. Hatukuona mtu akila. Siku nne baadaye ilirudi, imeletwa na mtoto, na juu yake kulikuwa na chupa ya mawese mapya, kwa kuwa hata penye ugomvi sahani ya mtu hairudishwi tupu.

Sitaki kusema kwamba kashata zilimaliza ugomvi. Hazikumaliza. Mwaka uliofuata tulishtakiana tena kwa sababu ya njia ya ng'ombe. Ila sahani ilienda tena Noeli ile, na nyingine, na haijakosa kurudi na kitu, mara maharage, mara ndizi, mwaka mmoja dagaa wa ziwani. Mzee yule amekwisha fariki. Sasa sahani anaipokea binti yake, na kuonja hakuhitajiki tena, ingawa mama bado huonja. Nadhani anafanya hivyo kwa sababu anapenda kashata.

Mawese yale ya kwanza mama alitafuta pa kuyatumia, akayapaka kwenye ubao badala ya mafuta ya dukani. Tangu siku hiyo kashata zetu zina wekundu kidogo upande wa chini, na harufu kwa mbali ya mchikichi. Kaka alipokuja kututembelea mwaka 2012 alikitazama kipande, akakigeuza, akauliza nani amemwaga mchuzi. Alikula saba.

Lakini si kila kashata ni ya furaha. Mei 2015, nchi ilipochafuka na watu wakaanza kuvuka tena kwa maelfu, wengine kwa miguu hadi Kagunga kando ya ziwa wakingoja meli ya kuwapeleka Kigoma, nilirudi kutoka shuleni nikakuta mama anakaanga karanga. Hapakuwa na sikukuu yoyote. Kashata hukaa wiki kadhaa bila kuharibika, hazihitaji moto njiani, na mtoto akipewa kipande hunyamaza. Mke wangu aliona ule ungo, akaingia ndani kukunja nguo za watoto bila kuuliza neno. Mama alipika sufuria mbili, akazifunga kwenye karatasi za daftari langu, akaziweka mlangoni ndani ya ndoo. Ndoo ilikaa mlangoni wiki tatu. Majirani kadhaa waliondoka, na baadhi yao hadi sasa wako Nyarugusu. Sisi hatukuondoka. Mwezi Juni mama mwenyewe alifungua ndoo, akawagawia watoto zote, kwa siku moja.

Kwa wanaopika za kuuza, nina machache ya kuwaambia. Desemba huku ni mvua, na kashata hunyonya unyevu wa hewa. Asubuhi imekauka, jioni inanata. Ipoe kabisa kabla ya kufungwa, maana ikifungwa ya moto hutoa jasho lake yenyewe. Tumia ndoo yenye mfuniko unaobana, na kati ya tabaka na tabaka tandaza karatasi safi. Usitegemee mifuko ya plastiki, kwani Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Tanzania mwaka 2019, na Burundi ikafuata mwaka 2020. Kunyang'anywa mfuko mpakani na kubaki na kashata mikononi si jambo la kuchekesha.

Karanga kuzivusha si taabu. Kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo wa mazao ya nchi wanachama usiozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kupewa cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani, na asilipe ushuru wa forodha. Wengi hawakiulizii, wanapita porini na kulipa zaidi kwa watu wa njiani. Sukari ni habari nyingine. Ni bidhaa ambayo kila serikali huitazama kwa jicho kali, na sukari yetu ya Moso inapoadimika, kama ilivyotokea mara nyingi miaka ya karibuni, jicho hilo huwa kali zaidi. Kifurushi cha sikukuu ni kifurushi, gunia ni gunia. Ndiyo maana akina mama wa Mugina hufunga kidogo kidogo, na ndiyo maana sukari ya Noeli tunaanza kuiweka akiba tangu Septemba, kijiko kwa kijiko.

Nimebaki na mdogo wetu aliyeko Marekani. Kule alikuta jambo lililomchekesha mama hadi machozi. Bibi mmoja wa kanisani kwao alimfundisha vitamu vya Krismasi ambavyo Wamarekani huvisifu kwa kuwa ni vya zamani na havihitaji tanuri. Vikombe viwili vya sukari, nusu kikombe cha siagi, nusu cha maziwa na robo ya kakao huchemshwa pamoja kwa dakika moja kamili kuanzia yanapochemka kwa nguvu. Ikipungua dakika havigandi, ikizidi vinakuwa vikavu na kumeguka. Kisha huepuliwa, hutiwa nusu kikombe cha siagi ya karanga, vanila kidogo, na vikombe vitatu vya oti, ile nafaka ya uji. Huchotwa kwa kijiko juu ya karatasi, na baada ya nusu saa vimeganda. Mama alipoelezwa kwenye simu aliuliza kama nyumbani kwa binti yake hakuna tanuri. Akaambiwa lipo, kubwa, la umeme. "Ana tanuri," mama akaniambia, "na bado wamempa mapishi ya Katumba."

Watoto wa mdogo wangu wamezaliwa huko na wanavipenda hivyo vya kakao. Kwa miaka mingi alipika hivyo tu, akituambia kwamba ni kashata vile vile, karanga na sukari, mwili mmoja nguo tofauti. Kaka alikataa katakata. Mimi nilikuwa upande wa kaka, ingawa sijawahi kuvionja.

Noeli iliyopita alitaka kupika zenyewe. Karanga alipata, iliki alipata kwenye duka la Wahindi, asali pia. Nilimtumia vipimo kwa maandishi, kama nilivyoviandika hapa juu. Alijaribu mara mbili, na mara mbili sukari ilirudi ikawa mchanga. Mara ya tatu alipiga simu akiwa jikoni, kwetu ilikuwa usiku, mama amekwisha lala. Nilimwamsha. Mdogo wangu alianza kueleza rangi ilivyo, kwamba ni ya dhahabu lakini si sana, na mama akamkatiza.

"Acha kunieleza, mwanangu. Rangi siioni hata ya hapa. Sogeza simu kwenye sufuria."

Akaisogeza. Tulikaa kimya chumbani, mama ameinamisha kichwa, simu sikioni, mkono mmoja juu kunizuia nisiseme. Mimi sikusikia kitu isipokuwa mlio kama wa mvua ya mbali. Ulipita muda. Mama akasema bado ina maji. Ukapita mwingine. Akauliza nani anakoroga. Kule mdogo wangu akacheka na kuweka mwiko chini.

Kisha mama akasema, "Epua. Sasa hivi, epua, karanga ziko wapi?" na tukasikia vyombo, watoto wakifukuzwa jikoni, na chupa ikigongana na ubao.

Walipata vipande 36, na vitano vya wapishi. Ubao aliupaka siagi, na kaka ameshamwambia kwamba hilo nalo tutalizungumza.